Serikali Inataka Nimhesabie Binti Yangu Matonge

Admin, nakuomba ufiche jina langu na mji ninaoishi. Watu wa Bagamoyo wakinitambua, potelea mbali.

Nina miaka sitini na tisa. Nilizaliwa Bagamoyo, Mji Mkongwe, nikaondoka kijana, na zaidi ya nusu ya umri wangu nimeishi Marekani, nikifanya kazi maktaba mpaka nilipostaafu. Kila nikirudi naambiwa Kiswahili changu ni cha redio ya zamani. Sawa. Safari hii nimekuja kwa harusi ya mpwa wangu, na ninaandika nikiwa na hasira. Sitaificha.

Nina mtoto mmoja, nimwite Rukia. Ana miaka ishirini na moja, anasomea uuguzi, na mwisho wa wiki anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mama yake tuliachana, akarudi kwao Mbegani. Mtoto akabaki kwangu kwa hiari yake mwenyewe. Analala kwangu, anakula kwangu, ada na bima nalipa mimi. Mshahara wake sijawahi kuugusa. Kwetu pwani nafaka ya binti, yaani chakula, mavazi na malazi yake, iko juu ya baba mpaka aolewe, hata akiwa na kazi. Nilifundishwa hivyo kabla sijajua Marekani iko upande gani wa dunia.

Kule kila mwaka mtu anapeleka serikalini fomu ya kodi, na mzazi huandika humo wanaomtegemea, akapunguziwa kidogo. Mtoto aliye chuoni, hajafika miaka ishirini na nne na anaishi kwako, unaruhusiwa kumwandika hata kama anafanya kazi, maadamu hajigharimii mwenyewe zaidi ya nusu ya maisha yake. Sheria hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko vijana wanaolipwa kutujazia. Fomu ina nafasi kadhaa za wategemezi. Tangu talaka, kwenye yangu jina ni moja tu, na huwa nalijaza kabla ya kitu kingine chochote.

Mwaka huu fomu yangu, niliyoituma kwa mtandao, ilikataliwa. Binti alikwishapeleka yake mwenyewe kwa simu, na palipouliza kama yupo mtu anayeweza kumwandika kuwa mtegemezi, akajibu hayupo. Angalieni vizuri. Hakuulizwa kama nimemwandika. Aliulizwa kama yupo anayeweza. Nami nilikuwa chumba cha pili, nampikia uji.

Nilipomuuliza akasema anachelewa darasani. Nikasubiri tufike huku.

Juzi tulikwenda Mbegani kumsalimia mama yake. Sebuleni tulikuwa sisi watatu na kaka wa mtalaka wangu, mtu ambaye hajapata kunipenda hata siku moja. Nilieleza taratibu, nikitaka mama mtu aseme na mwanawe. Sikumaliza.

"Mtegemezi?" Mtalaka wangu alicheka, akanyoosha kidole kwenye jokofu jipya analogandishia barafu za kuuza. "Hilo kalinunua mtegemezi wako. Na bati hilo juu ya kichwa chako, mtegemezi wako. Wewe umeleta nini humu, Baba Rukia, zaidi ya maneno?"

"Kwani shemeji," kaka yake akadakia, "huko mzee analipwa kwa kuzaa? Ungetuambia mapema, tungekuja wote!"

Wakacheka. Nami nikajibu jibu ninalolijutia, ingawa ni kweli tupu: "Angepata wapi za jokofu, kama angelipa pango na chakula kwangu?"

"Ahaa!" Shemeji alipiga kofi gotini. "Kumbe mwenzetu ulikuwa unamhesabia mtoto matonge!"

Mliokulia pwani mnajua. Mwizi anaweza kuoa mtaa huu huu. Anayemhesabia mtu matonge hasalimiwi vizuri mpaka anaingia kaburini.

Nilimgeukia binti yangu anitetee. Alikuwa ameinamisha kichwa, kwa adabu zote nilizomlea nazo.

"Baba, usinikasirikie. Nilitaka na mimi niwe na karatasi yangu. Ukishindana nami, watakutaka uthibitishe umenilisha kiasi gani. Utakaa chini uandike mchele, umeme, maji ya kuoga? Basi andika. Ukishamaliza nipe, nitakulipa chote, halafu nitahama."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Nikaondoka bila kuaga, yeye akabaki. Harusini alikaa upande wa mama yake, akanipa shikamoo kama anayompa imamu. Wiki ijayo tunarudi, na viti vyetu kwenye ndege vimepangwa pamoja.

Nikipeleka fomu kwa posta pamoja na ushahidi, nitashinda. Yeye ataandikiwa barua arekebishe alichosema, na kodi aliyopunguziwa kupita haki yake airudishe. Nikinyamaza, kumbukumbu za serikali zitabaki zikisema binti yangu hana wa kumtunza, na wa kwanza kuukubali uongo huo nitakuwa mimi. Na yule mpumbavu wa Mbegani atajisifu mpaka kufa kwamba alinifunga mdomo.

Wale wa "samehe mzee, dunia mapito", piteni, sikuwaita. Nawauliza wenye mabinti.

Jana nilijaribu kuanza hiyo hesabu. Nikaandika: koti la baridi, mwaka jana. Nikamwona pale dukani akijigeuza mbele ya kioo, ananiuliza, "Baba, si nimekuwa dubu?" Tulicheka mpaka muuzaji naye akacheka. Bei yake naikumbuka hadi senti. Mkono ukakataa kuiandika.

Nishaurini. Niiandike, au nichane karatasi?