Vidonge Sita kwa Mpigo

Jamani, hili jambo nimelificha miaka, na hata sasa nikikaribia lile duka la ushirika la Gerezani huwa navuka upande wa pili, lakini kwa kuwa mmeniuliza, chekeni tu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kariakoo, na nina ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka. Nikipanda silali, naongea wiki nzima (safari moja niligawa bure vitambaa vya wateja wote, mke wangu akarudi kwao Temeke), nikishuka siamki kitandani. Kilichonitoa huko ni vidonge vya lithiamu, na dawa ile haina mchezo, ikipungua kwenye damu haisaidii, ikizidi inakuwa sumu, ndiyo maana kila mwezi nilikuwa napimwa damu. Sharti lilikuwa meza usiku, asubuhi njoo hujameza, utoe damu kwanza.

Sasa, dawa ilikuwa inanitetemesha mikono kidogo, na nilikuwa na gauni la bibi harusi, uzi hauingii kwenye sindano. Nikaamua niiache siku tatu tu. Gauni likatoka safi. Asubuhi ya kupimwa nikaogopa kwamba Sista Tekla, muuguzi wetu, ataona damu haina dawa, basi nikameza vidonge sita kwa mpigo kufidia (msiniulize akili ilikuwa wapi), nikatoa damu, nikaenda zangu kwenye foleni ya sukari pale duka la ushirika, ambako tangu alfajiri jiwe langu lilikuwa limenishikia nafasi, sambamba na mawe ya wenzangu.

Kwenye saa sita mchana tumbo likaanza kunguruma. Mara namwona Sista Tekla anakuja kwa miguu, sare imelowa jasho (gari la hospitali halikuwa na petroli), anauliza mtu mmoja mmoja, "Samahani, unamfahamu fundi Hamisi?" Mtaani hakuna aliyejua naumwa nini, hivyo nikachuchumaa nyuma ya Mama Zuhura, mteja wangu.

"Fundi, unatafutwa," akasema Mama Zuhura, akasogea pembeni.

Sista akaniinamia, akaninong'oneza. "Kaka, damu yako imeonyesha dawa nyingi mno. Mara ya mwisho ulimeza lini?"

"Jana usiku, sista, kama kawaida."

"Basi itabidi daktari akupunguzie dozi."

Hapo nikaogopa kweli. Kwa dozi pungufu nilijua narudi kulekule, na mke wangu ndiyo kwanza alikuwa na mwezi mmoja tangu anirudie kutoka kwao. Nikataka kumnong'oneza ukweli, lakini sauti ikatoka kama ya mpiga mnada: "Sista, nimemeza sita leo asubuhi, na siku tatu nyuma sikumeza kabisa." Foleni nzima ikanigeukia, na kabla sijajua niangalie wapi, nikatapika, tena juu ya viatu vya balozi wetu wa nyumba kumi.

Yule dada hakunikaripia. Alinifuta mdomo kwa leso yake, akawaambia watu, "Huyu ni mgonjwa wangu, naomba mnisaidie." Na balozi, na viatu vyake vile vile, akaazima mkokoteni, akanilaza juu yake, akanisukuma mwenyewe kupita Kariakoo yote mchana kweupe, wateja wangu wananipungia mkono na mimi nimejifunika uso kwa shati.

Nililazwa mpaka kesho yake, wananiangalia. Baadaye nikarudi kwenye dozi yangu, na siku ya kupimwa tena nikaenda kwa haki. "Mikono ikitetemeka niambie mimi," Sista akasema, "usijitibu." Ndipo daktari, akiwa na kipimo cha kweli mkononi, akanirekebishia dawa kidogo kidogo mpaka uzi ukaingia. Mpaka leo namheshimu yule dada, maana alitembea jua lote lile kwa ajili ya namba moja tu kwenye karatasi.

Nimeapa sirudii. Mke wangu naye hataki kuniamini kwa maneno, kila siku ya kupimwa anavificha vidonge, na hanipi mpaka nimwonyeshe mkono uliochomwa sindano.