Kijani cha Shangazi Minza

Nakumbuka mnada mmoja wa ng'ombe pale Segese. Nilisimama mbele ya lundo la mifuko ya chumvi ya mifugo tangu alfajiri hadi jua likawa kali, na hakuna aliyenunua hata mmoja.

Mwanangu, najua bado sijafikia umri wa kukuita hivyo bila wewe kucheka. Lakini umemaliza chuo, umekuja kufanya kazi katika kampuni ileile niliyokaribia kuiua, na jana nimekusikia ukiuliza kwa nini tunang'ang'ania kijani kilichokolea na mkanda wa rangi ya chungwa kwenye mifuko yetu. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi, kwa sauti kubwa kuliko yako.

Nilirudi Shinyanga na shahada ya biashara na ulimi mrefu. Shangazi Minza alikuwa ameianzisha kampuni hii katika ghala dogo la Ngokolo, na wanawake saba walikuwa wakichanganya chumvi na madini kwa koleo. Nilimuuliza kwa nini kijani. Akanijibu, "Ndiyo rangi yetu." Kwangu hilo halikuwa jibu. Nani alithibitisha? Kwa utafiti gani? Yeye, kwa kuniamini, akanikabidhi mambo yote ya mifuko na matangazo.

Nikaanza. Chumvi ya ng'ombe wa maziwa nikaitia kwenye mifuko ya bluu, ya kiangazi nikaipa zambarau. Gari nikalipaka rangi nyeupe, fulana za wauzaji zikawa nyeusi kwa sababu nilipenda nyeusi. Kila mzigo ulikuja na sura yake, nami nikaona huo ndio ubunifu.

Basi siku hiyo Segese akaja Mzee Masunga, mfugaji aliyekuwa akinunua kwetu tangu mwanzo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chumvi ya Minza haijaja leo?"

"Ndiyo hii, mzee."

Akaitazama mifuko, akanitazama mimi. "Hii? Hii ya nani?"

"Feki hiyo, babu!" akadakia kijana mmoja mwenye fimbo begani. "Wamekuja na gari jeupe kama la kubebea wagonjwa."

Watu wakacheka. Nikafungua mfuko kwa hasira, nikamwomba mzee aonje. Akaonja, akatema pembeni.

"Inafanana," alisema. "Sasa nikuulize, msomi. Umewahi kupotelewa na ng'ombe?"

"Hapana."

"Mimi nimepotelewa. Nilizunguka kijiji hadi kijiji nikitaja rangi tu: mweusi, tumbo jeupe, baka jekundu shingoni. Siku ya tatu watu wakanirudishia. Wewe umechukua ng'ombe wa shangazi yako ukampaka rangi nyingine, halafu unatuuliza mbona hatumjui. Huku kwetu anayebadilisha rangi ya ng'ombe huwa amemwiba."

Akaondoka. Sikumwamini. Ndivyo nilivyo, na hadi leo sioni aibu kwa hilo.

Nyumbani shangazi alinipokea kwa maneno machache. Mnada ukiendelea hivi, alisema, ghala litafungwa na wale wanawake saba watarudi makwao. Nikamwomba mnada mmoja tu nifanye jaribio. Tulikuwa na mifuko michache ya zamani iliyobaki tupu. Nikachukua chumvi iliyochanganywa siku moja, kwa koleo moja, nusu nikaitia kwenye kijani, nusu kwenye bluu. Nikaipanga ubavu kwa ubavu.

Ya kijani iliisha kabla watu hawajanywa chai. Ya bluu ilibaki yote. Mama Holo, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, akaniapia kwamba ile ya bluu aliwahi kuinunua, "ng'ombe wangu wakailamba mara moja wakageuza shingo." Nilipomwambia kwamba chumvi ni moja, alinisikitikia. "Mwanangu, ng'ombe hadanganywi."

Nilicheka, kisha nikaelewa. Ng'ombe hakuwa na habari na mfuko. Aliyegeuza shingo ni Mama Holo mwenyewe, na wa kulaumiwa nilikuwa mimi.

"Uliyevuruga ni wewe," shangazi aliniambia, "kwa hiyo utakayepanga ni wewe."

Nikapanga. Nilikata kipande cha mfuko wa zamani ambao haukuwahi kupigwa jua, nikakifanya kipimo chetu. Kijani kikawa rangi kuu, chungwa ikawa ya mkanda tu, na maandishi yakawa meupe. Hakuna rangi ya nne. Nikaandika namba za wino wa kila rangi, na kwa sababu kijani cha kwenye kioo cha kompyuta si kijani cha kwenye bati la gari wala cha kwenye fulana, kila kimoja nikakijaribu na kukitafutia kipimo chake. Kiwanda cha mifuko kilipoleta mzigo uliopauka, nikaukataa.

"Dada, kijani ni kijani," fundi alilalamika.

"Weka hiki kipande juu yake, kisha uniambie tena."

Akaweka. Wakachapa upya.

Mwanangu, laiti ungekuwepo siku tuliyorudi Segese! Gari la kijani, fulana za kijani, mifuko imepangwa kama ukuta. Hata hatujashusha mzigo wote, wafugaji walikuwa wameanza kuacha ng'ombe wao kwa wenzao na kuja wakiita, "Minza! Minza amerudi!" Mzee Masunga alibeba mifuko miwili, akaniambia "Wabeja," yaani asante kwa Kisukuma, akaenda zake.

Kutoka hapo tulikwenda Mwakitolyo, tukaingia Geita. Wale wanawake saba leo ni arobaini na mmoja. Na mwaka jana mtu mmoja alipoleta chumvi yake katika mifuko ya kutuiga, sikulazimika kufanya lolote. Wafugaji wenyewe waliinua mfuko juani wakasema, "Hii si ya Minza, imepauka," wakamfukuza mnadani. Niliposimuliwa, nilikaa chini nikacheka mpaka machozi.

Basi nasaha yangu ni hii. Endelea kuuliza kila kitu, ila kabla hujabadilisha kitu kilichokwisha kukaa machoni pa watu, jaribu kwanza mahali padogo. Chagua rangi chache, ziandike kwa vipimo, na uzilinde kwenye mfuko, kwenye gari na kwenye barua, hata siku utakapokuwa umezichoka. Utazichoka wewe kwanza, maana unaziona kila siku. Mteja anayekuona mara moja kwa mwezi ndiyo kwanza anaanza kukuzoea.

Mungu aibariki mikono yako, akupe subira isiyochuja, na popote kazi yako itakapofika, watu waitambue kabla hujafungua mdomo.