Meno Sita ya Dani Awino

Niliapa sitawasimulia, lakini kwa kuwa mwenzetu Odhiambo amekwisha kuwaambia nusu yake, na nusu yenyewe ameitia chumvi, afadhali mnicheke kwa habari kamili. Siku ile niliaibika mbele ya soko zima la Karungu, na aliyeniaibisha ni nyanya yangu, au dani kwa Kijaluo, mama yake mama, Dani Awino, ambaye mpaka leo sijaona wa kumfikia.

Uhuru ulikuwa bado mchanga, nami nilikuwa karani wa zahanati, kijana wa suruali ya pasi na kalamu mbili mfukoni (moja haikuandika). Daktari wa meno kutoka Kisumu, Mzungu mmoja mrefu, alinitumia fomu nijaze hali ya meno ya wazee thelathini, akaahidi kwamba nikiifanya vizuri ataniandikia barua ya kwenda kusomea kazi ya meno Nairobi. Niliiota barua hiyo usiku na mchana, maana bila hiyo ningezeekea pale pale nikiandika majina ya wagonjwa.

Sasa fomu ilikuwa na safu mbili za meno yaliyokosekana: moja ya ugonjwa, nyingine ya sababu tofauti, na hiyo ya pili ilitaka maelezo kwa Kiingereza. Wazee wetu wa Kijaluo mnawajua, waling'olewa meno sita ya mbele ya chini ujanani, mila yenyewe huitwa nak, ndiyo alama ya kuwa umekua. Sisi watoto wa misheni hatukung'olewa, na niliona haya kumweleza Mzungu jambo hilo mara thelathini (uvivu pia ulikuwepo, nisijipambe). Basi nikaandika "sita" kwenye safu ya ugonjwa, kutoka juu mpaka chini, bila kumfungua hata mzee mmoja kinywa, nikaituma Kisumu, kisha nikaenda zangu kunywa chai.

Wiki tatu baadaye Land Rover ikasimama sokoni. Daktari akashuka na kiti cha kukunja, ndoo ya plasta ya kupimia meno ya bandia, na uso wa mtu aliyeitwa kuzima moto, kwa sababu maisha yake yote hajawahi kusikia ugonjwa unaokula meno sita yale yale kwa wazee thelathini. Wanawake wakaacha dagaa wao wa omena juani, watu wakajaa, na wa kwanza kuketishwa akawa Dani.

"Mama, meno hii ya chini ilianza kuuma lini?" daktari akauliza, nami nikatafsiri kwa Kijaluo.

Dani akanitazama mimi, si daktari. "Kuuma? Si ni nak, mjukuu wangu. Kwani hukumwambia?"

"Anasema ni zamani sana, hakumbuki," nikamwambia daktari.

Ningeponea hapo, ila askari wa chifu alikuwa amesimama karibu, akasema kama mtu anayetoa ripoti: "Hapana, daktari. Huyu mama amesema hiyo ni mila yetu, meno ilitolewa akiwa msichana. Hata mimi niko nayo hiyo pengo." Akafungua kinywa aonyeshe, na wazee wote nyuma yake wakafungua vyao kwa fahari, huku mimi nikitafuta pa kuficha uso.

Daktari alimulika kinywa cha Dani, akahesabu yaliyobaki, ishirini na sita, akarudia tena kwa kutoamini, maana hakuna hata moja lililotoboka. Akauliza anayatunza vipi. Dani akafungua pindo la leso yake, akatoa kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha.

"Asubuhi na jioni," akasema. "Na sukari sikuizoea, hiyo ni ya makarani. Mwambieni aangalie na ya huyu, tangu Krismasi anatafunia upande mmoja."

Askari alitafsiri kabla sijameza mate. Nikakalishwa kwenye kiti, nikang'olewa gego mbele ya watu, na ingawa nilichomwa sindano ya ganzi nilipiga yowe hata punda wa maji akakata kamba. Dani alinishika mkono. "Mimi nilitolewa sita," akaninong'oneza, "kwa chuma, bila sindano, na sikulia." Hakusema kwa dharau, jamani, alitaka kunipa moyo, na nilimpenda kwa hilo hata nilipokuwa natema damu.

Kicheko kilikwisha alipoketi Mzee Okelo. Taya lilikuwa limevimba usaha, miezi minne alikuwa anaishi kwa uji na hakumwambia mtu, na kwenye fomu yangu alikuwa "sita" tu kama wenzake. Daktari alimtibu, akanawa mikono, akaitoa mfukoni ile barua ya Nairobi aliyoniahidi, akaitazama, akairudisha.

"Wewe hukuangalia," akaniambia.

Nikaomba fomu mpya, nikakaa juani na shavu langu lililovimba, nikafungua kinywa kimoja baada ya kingine, na tangu siku hiyo siandiki habari ya mtu kabla sijamwangalia. Mstari wa kwanza niliandika: Awino, sita, mila, yaliyobaki yote mazima. Chini kabisa, baada ya mzee wa thelathini, nikaongeza jina langu, na kwenye safu ya ugonjwa nikaandika moja.