Robi wa Nyumba ya Pili

Mpiga picha wetu hapa Bunda anaitwa Robi, na ukimharakisha atakuuliza kama umeagiza chai. Kibanda chake kimepakana na cherehani yangu, kwa hiyo haya nimeyaona, sikusimuliwa.

Alizaliwa Butiama, kwenye mji wa baba mwenye wake wawili. Kila mke alimpa bintiye jina la mama mkwe, wakawa Robi wawili. Ukiita "Robi" aje kula, wanakuja wote. Akachote maji, haitiki mtu. Ndipo wakaanza kusema Robi wa nyumba ya kwanza, Robi wa nyumba ya pili. Wetu ni wa ya pili.

Juzi akaja Benson wa Mugeta, macho mekundu. Mama yake anazikwa kesho yake, na picha ya kuweka juu ya jeneza ni moja tu, ile Robi aliyompiga kwenye harusi ya binti wa Benson. Siku hiyo ya harusi Benson aliweka namba ya picha kwenye simu yake: 0004. Juzi alikuja ameongozana na mtani wake, Eliud.

Robi akachomeka kadi ya kamera kwenye kompyuta. Eliud, kiherehere, akakalia kiti, akafungua folda 100, akabonyeza 0004. Akatokea mbuzi.

"Benson," akasema, "mama alikuwaga na pembe?"

Mfiwa alicheka, kisha akashika kichwa. "Imefutika. Nitamzika mama bila sura."

"Nani kafuta? Eliud, toka kwenye kiti changu," Robi akasema. "Kamera inahesabuga mpaka 9999. Ikimaliza inafungua folda nyingine, inaanza tena moja. Huyo mbuzi ni 0004 wa nyumba ya kwanza."

Akafungua folda 101. Mama huyo hapo, kitenge cha bluu, kidevu juu. Benson aligusa kioo.

"Basi nizihamishie zote folda moja, tusihangaike," Eliud akasema.

"Majina yagongane, mbuzi ammeze mama? Kila mtu akae kwao."

Jioni Benson alipanda pikipiki ya kurudi Mugeta, fremu ya picha kifuani, mama akiangalia mbele.

Eliud, akisubiri pikipiki yake, akageuka. "Na mimi nikifa bila picha, Robi?"

"Mbuzi yupo," Robi akamjibu.