Ng'ombe Aliyepotea, na Vazi, na Mama

Mdogo wangu alinipigia simu kutoka Rombo mchana mmoja, mvua ya Guangzhou, huku China, ikimwagika, nami nimekaa juu ya marobota ya nguo za watoto sebuleni kwangu. Alisema ukoo umekaa na umeamua mama azikiwe mgomba. Walikuwa wakinisubiri mimi tu, mtoto wa kwanza, niseme ndiyo.

Kwa asiyejua, kwetu mtu akipotea na mwili wake usionekane, hukatwa mgomba, ukavikwa nguo yake, ukalazwa kaburini badala yake. Watu hulia, hula, huondoka, na baada ya hapo hakuna anayetafuta tena. Mama alikuwa ametoka nyumbani asubuhi na kandambili miguuni, akili imeshaanza kumtoroka, na miezi ilikuwa imepita bila fununu yoyote.

"Dada, watu wamechoka," mdogo wangu alisema. "Tumpumzishe mama."

Nikamwambia anayetaka kupumzika ni yeye, aache kumsingizia mama. Nikakata simu. Nina mdomo, najua, na nilikuwa nalia.

Siku hiyohiyo alasiri yule bibi akaja.

Nilisikia geti langu la chuma likikwaruzwa. Halikugongwa; lilikwaruzwa polepole, kwa kucha. Nikachungulia kwenye kitundu cha mlango. Korido yetu ni giza hata mchana, kwa sababu majengo yamebanana kiasi kwamba ukitoa mkono dirishani unashika nondo za jirani. Alikuwa amesimama bibi wa Kichina, mdogo wa umbo, nywele zimelowa, macho yake yametua palepale kwenye kitundu, kana kwamba ananiona. Blauzi ameivaa ndani nje. Kwenye mshono wa ubavuni kulikuwa na kipande cha kitambaa cheupe, na mimi nikaona sanda.

Jamani! Mama yangu alianza hivyohivyo. Tulikuwa tukimgeuzia gauni, naye analigeuza tena, anasema maua ni yake, si ya watu kuangalia. Sasa ndugu zangu wametaja kumzika, na saa chache baadaye mlangoni kwangu, bara jingine kabisa, amesimama bibi mwenye nguo ndani nje. Ningefikiri nini?

"Nenda," nilimwambia kwa Kiswahili, nikiwa nimebana mlango kwa bega. Nilipochungulia tena hakuwepo. Sakafuni kulikuwa na maji tu.

Kesho yake alirudi. Keshokutwa pia. Nikashuka kumuuliza mlinzi wa jengo, naye akatikisa kichwa: "Meiyou." Neno hilo kila mfanyabiashara hapa analijua kabla ya salamu, maana yake hakuna, hamna, usijisumbue. Akanirudishia nyuma picha za kamera ya mlango mkuu, nizione. Nikajiona naingia na mifuko yangu, nikamwona mleta chakula, nikaona paka. Bibi hakuwa amepanda wala kushuka.

Nikampigia mama mchungaji wetu. Akaniambia nipake mafuta ya upako kwenye mlango, nami nikapaka mpaka kitasa kikawa kinateleza. Siku iliyofuata ukwaruzaji ulirudi, ila safari hii ulitokea chini, karibu na sakafu. Nilichungulia nikaona korido tupu, na sauti inaendelea. Yesu wangu! Nililia kwa woga na mto mdomoni.

Asubuhi yake nilikuwa na safari ya Shiling, mji wa viwanda vya ngozi nje ya jiji, kununua mikoba. Gari tulikodi watu wawili, mimi na mzee wa Kiyahudi ambaye naye hununua mikoba huko. Tumezoeana. Huvaa kofia yake ndogo, hubeba chakula chake kwenye kopo, na njia nzima husoma kwa kunong'ona. Huniita dada, neno aliloliokota kwa Watanzania wa sokoni.

"Dada, leo hugombani na dereva," alisema. "Unaumwa?"

Nikamwaga yote, ya mama, ya mgomba, ya bibi wa mlangoni. Nilitegemea anihurumie. Yeye akaniuliza kama najua ile sheria ya ng'ombe aliyepotea.

Naijua, iko kwenye Maandiko, mama alitufundisha. Ukimwona ng'ombe wa ndugu yako anatangatanga, usijifiche, mrudishie. Kama mwenyewe yuko mbali, mweke kwako mpaka aje kumtafuta. Punda vivyo hivyo, na vazi lake vivyo hivyo, na kila alichopoteza.

"Wazee wetu wa sheria waliuliza," akasema, "kama ni kila alichopoteza, vazi limetajwa la nini? Si limo tayari? Wakajibu kwamba limetajwa lifundishe mengine yote. Vazi lina alama, na lina mtu anayelidai. Basi chochote chenye alama na mwenye kukidai, ukikiokota kinakudai wewe."

"Ninyi watu mnavuta maneno mpaka yanalia," nilimwambia. "Na mwenyewe akikata tamaa?"

"Akishakata tamaa, kitu hicho ni cha aliyekiokota."

Ndicho walichotaka huko nyumbani, nikate tamaa ili jambo liishe.

Lakini mzee hakuwa amemaliza. Alisema wazee hawakuishia kwenye vazi. Waliuliza, kama unalazimika kumrudishia mtu ng'ombe wake, mwili wake je? Ukimwona anazama mtoni, si amepotea? Mrudishie na huo. Kutoka kwenye ng'ombe mmoja anayetangatanga, wakafika kwa mtu anayekufa.

"Na mtu aliyekatiwa tamaa na ndugu zake?" niliuliza.

Tukapita maduka mengi ya ngozi. "Mimi mnunuzi wa mikoba, si mwalimu," akasema mwishowe. "Ila mtu si mali ya wanaomtafuta. Sijasikia popote kwamba wao wakichoka, yeye anakoma kuwa mtu." Kisha akanitazama. "Huyo bibi wako sijui ni nani. Lakini wewe umejificha nyuma ya mlango, dada."

Sikununua hata mkoba mmoja. Nilimsumbua dereva arudi upesi, naye alininunia njia nzima.

Korido ilikuwa kimya. Chini ya geti langu, kwenye giza, kulikuwa na kitu kimejikunja, na nilipokiinamia kikanishika kifundo cha mguu. Nilipiga yowe. Mkono ulikuwa wa baridi, lakini ulikuwa mkono wa mtu, mwepesi. Alikuwa yule bibi, hawezi tena kusimama. Ndiyo maana alikuwa akikwaruza chini.

Nikambeba ndani, akawa mwepesi kuliko robota la soksi. Nikampa uji wa wali, akanywa macho yamenikazia. Nilipomvua blauzi iliyolowa ndipo nikakiona vizuri kile kitambaa cheupe. Kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mwekundu, mishono ya mtu asiyejua kushona, na juu yake namba ya simu. Kingekaa ndani ya nguo, kisionekane, kama asingeigeuza.

Nikapiga. Kichina changu ni cha sokoni, cha kupunguziwa bei, lakini kilitosha: mama yako, yuko hapa, njoo, na jina la jengo letu.

Mwanaye alipanda ngazi mbio, kiatu mguu mmoja. Alipiga magoti kwenye marobota yangu akaweka uso kwenye mapaja ya mama yake. Alinieleza kwa maneno machache ya polepole, ili nielewe. Zamani hii nyumba ninayokaa ilikuwa yao. Siku kadhaa walikuwa wakimtafuta ng'ambo ya mto, wanakokaa sasa, kumbe amelala juu ya paa letu, nyuma ya matangi ya maji, na kila alasiri anashuka kurudi kwake. Paa zimegusana, alipandia jengo la jirani, ndiyo maana kwa mlinzi wetu hajawahi kufika. Bibi mwenyewe hakumjibu mwanaye. Kabla hawajaondoka aliushika mkono wangu, akaunusa kwa muda mrefu, kisha akaufunga vidole kimoja kimoja. Mama yangu alikuwa akituaga hivyo. Hilo sijapata wa kunieleza, na sijauliza.

Nilimpigia mdogo wangu mlango ukiwa bado wazi.

"Sikubali," nilimwambia. "Msikate mgomba wowote. Toeni picha yake redioni, nendeni mpakani, nendeni hospitali zote. Nauli nitatuma mimi."

Nyuma yake nikasikia watu wengi, na vyombo vinaoshwa.

"Dada," akasema, "tumeshazika. Asubuhi hii. Tulimvika lile gauni la maua."

"Mmeligeuza?"

"Nini?"

"Mfukueni."

"Dada, tumfukue nani?"

"Fukueni mgomba wenu," nilisema, "mnirudishie gauni la mama. Akirudi atavaa nini?"