Kiganja cha Mama Juu ya Paa la Pijo

Enzi zetu pale Chanika, gari la baba likiondoka alfajiri kwenda Korogwe, mtaa mzima ulijua, na kilichoujulisha mtaa hakikuwa honi bali kiganja cha mama. Wenzangu mliokulia Handeni mtalikumbuka lile Pijo jeupe lenye mgongo mrefu, keria juu imejaa mihogo, kuku waliofungwa miguu na baiskeli ya mtu. Mama ndiye aliyefunga mzigo kwa kamba ya katani. Akimaliza alizunguka gari, akasukuma milango mmoja mmoja, kisha akapiga paa mara mbili: ndu, ndu! Hapo ndipo baba alipoondoa gari. Abiria akitaka kushuka njiani alitoa mkono dirishani akagonga mara moja. Mara mbili nenda, mara moja simama. Sisi watoto hatukujua sheria nyingine ya barabarani. Abiria mwenye haraka akimhimiza baba, alijibiwa, "Sikanyagi mafuta mpaka mkono wa Mama Rajabu useme."

Jioni tuliigiza. Kaka yangu Rajabu alikalia tofali, mfuniko wa sufuria ndio usukani, nami nikagonga karai juu ya vichwa vya abiria mpaka mmoja alie. Wajukuu zangu wana gari linaloendeshwa kwa rimoti, linawaka taa mbele na nyuma, na bado wanalalamika hawana cha kuchezea. Sisi tulitoka shule na mafagio yetu begani, tukakimbilia Pijo likirudi, tukaingiza vichwa ndani kunusa petroli, samaki wa kukaanga na majani ya chai. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yetu, na tuliridhika.

Jambo moja tu halikuwa sawa: mama hakuwahi kulipanda. Siti zilikuwa za abiria, na abiria ndio waliotununulia sare. Baba alikuwa akimwambia, "Ipo siku nitakupandisha Dindira kwenu, siti ya mbele, bila abiria hata mmoja." Dindira, milimani kwenye chai, ndiko mama alikozaliwa, na kila alipokwenda kusalimia alipanda lori pamoja na magunia. Siku ile ya ahadi haikufika. Injini ilikufa, Pijo likaegeshwa nyuma ya nyumba, na baba akatangulia mbele ya haki.

Mwaka huu mdogo wake mama, kule Dindira, alikuwa anamwoza mjukuu wake. Mama, ambaye macho yake sasa yanaona mwanga na vivuli tu, akatuita mimi na Rajabu. "Nitakwenda na gari la baba yenu," akasema, "au siendi."

Kwanza tulicheka, halafu damu ikatuchemka. Jamani, raha ile! Injini ikafufuka, breki zikashika, matairi mapya yakaingia. Likabaki paa. Miguu ya keria ilikuwa imetunza maji ya mvua miaka yote hiyo, kutu ikalila bati mpaka ukikaa ndani unaona mawingu. Fundi bodi wetu wa Korogwe, Hoza, mtu wa maneno mengi kuliko spana, akagonga hapa na pale akasema, "Hapa kuziba kwa puti ni kudanganyana. Paa zima litoke."

Haya, paa la Pijo utalipata wapi leo? Tulilipata Kwamsisi, juu ya banda la kuku! Pijo lenyewe lilikwishauzwa kama chuma chakavu, ila paa lilibaki linakinga kuku, zima kabisa. Bibi mwenye banda alitushangaa. "Bati la kuku wangu mnalitakia nini, wanangu? Mmekosa nyumba?" Tukamwezekea banda kwa mabati mapya, naye kwa furaha akatuongezea jogoo. Kijana mmoja wa bodaboda akajitokeza, "Naibeba hiyo, mama, fasta tu." Upepo ungemrusha hadi Pangani na pikipiki yake. Tukakodi kirikuu, kile kigari cha mizigo.

Siku ya kukata paa sikuweza hata kunywa chai. Hoza alichomelea kwanza vyuma ndani, kutoka upande mmoja hadi wa pili, ili bodi lisilegee likibaki bila kichwa. Kisha akakata nguzo za paa kidogo kidogo, cheche zikiruka, wanaume wanne wakanyanyua. Pijo bila paa! Nilipiga vigelegele peke yangu gereji nzima. Paa la Kwamsisi likateremshwa polepole, likakaa mahali pake kana kwamba lilizaliwa pale, likachomelewa, likapigwa msasa na rangi nyeupe.

Tukamleta mama gereji kutoka Chanika, harusi ikiwa kesho yake. Akalipapasa gari kuanzia taa za nyuma, akafika mlangoni, akainua kiganja, akapiga. Ngwa, ngwa! Debe tupu. Mama akashusha mkono.

"Hili si gari letu."

"Ndilo, mama," Rajabu akasema. "Paa tu ndilo jipya."

"Mimi siendi kwetu na gari la watu." Akaenda kukaa kwenye benchi, mkoba mapajani.

Rajabu alikuwa karibu kulia. Mimi nikamgeukia Hoza: ulipokata, kati ya bati na silingi ulikuta nini?

"Takataka za katani, dada. Panya walizalia humo. Nimechoma moto."

Takataka! Nikamwona baba waziwazi, kajipinda ndani ya gari, gundi hadi kwenye kope, akibandika nyuzi za katani chini ya bati ili mvua ya masika isiwazibe abiria masikio. Sauti ya gari letu ilikuwa katani. Na Korogwe, mji wenye mkonge kila upande, nani akose katani? Tuliileta marobota, tukashusha silingi, tukabandika wenyewe mpaka jioni, huku Hoza akitukumbusha kwamba kiwandani hawafanyi hivyo.

Asubuhi mama akainua kiganja tena. Ndu. Ndu. Akakiacha pale pale juu ya bati.

"Eeh," akasema. "Limerudi."

Akakaa siti ya mbele na kanga yake mpya. Rajabu akawasha gari, lakini hakuondoka, nikajua anangoja nini. Nikaikaza kamba ya keria, nikasukuma milango mmoja mmoja, nikapiga paa mara mbili. Ndani nikamsikia mama akisema taratibu, "Kumbe ndivyo alivyokuwa akinisikia."

Siku hizi unabonyeza ufunguo, gari lenyewe linakulilia, linakwambia mlango gani uko wazi. Ni raha, sikatai. Ila enzi zetu hakuna aliyeondoka bila mkono wa mtu nyuma yake, na aliyegonga ndiye aliyebaki. Rajabu hakuisahau desturi: akakanyaga mafuta, akaniacha! Nikalikimbilia gari, viatu mkononi, bibi mzima, nikiita na kucheka mpaka pumzi ikanikata. Mara mkono wa mama ukatoka dirishani, ukapanda juu, ukagonga paa mara moja.

Gari likasimama.