Gauni la Mapazia

Bi Bahiya, fundi cherehani wa Minjila, alikuwa mzaliwa wa Kipini, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Tangu jeshi limpeleke mwanawe Fumo vitani ng'ambo ya mpaka, alijiwekea nadhiri: kila binti atakayeolewa na askari aliye likizoni atavaa gauni jeupe. Mwaka ule mafuriko yalikata barabara, na madukani hakukuwa na kitambaa cha maana. Basi akashusha mapazia mawili ya sebuleni kwake, akayaongezea chandarua kipya, akashona gauni lililokwisha kuvaliwa na maharusi watano, wanene kwa wembamba.

Wa sita na wa saba ndio waliomtia matatani. Lavender wa Golbanti aliliomba kwa siku ya Jumamosi, Bi Bahiya akakubali. Baada ya siku tatu Abdia, jirani yake hapo Minjila, akaja mbio: mchumba wake amepata likizo ya siku nne, arusi Jumamosi. Bi Bahiya akakubali tena, macho yakiwa kwenye sindano wala si kwenye kalenda.

Alipogundua kosa lake, ilikuwa Ijumaa. Shoga yake Mumina alicheka hata akashika ukuta.

"Wawili, gauni moja? Lipasue basi, kila mmoja apate upande!"

"Cheka, Mumina, lakini nitungie uzi."

Lavender alikuwa mwembamba kama ufito. Abdia alijaaliwa mwili. Bi Bahiya hakukata kitambaa hata kidogo. Alikunja ziada ubavuni, akaipiga bandi, yaani mshono wa muda unaofumuka kwa kuvuta uzi mmoja. Kwa ajili ya Abdia alishona pia mikono mirefu ya kufungwa kwa vifungo. Lavender angeingia kanisani saa nne asubuhi. Abdia angetolewa nje mbele ya wanawake baada ya alasiri. Muda ungetosha.

Haukutosha. Kule Golbanti, ng'ambo ya mto, mtumbwi wa bwana arusi ulichelewa, na pilau ilipopakuliwa ilikuwa saa tisa. Bi Bahiya akamwinamia bibi arusi.

"Mwanangu, niwie radhi. Kosa ni langu. Mwenzako wa Minjila anangoja gauni hili hili."

Mamake Lavender aliruka. "Mwanangu ale pilau ya arusi yake amejifunga leso? Thubutu!"

Lavender akaweka kijiko chini.

"Mume wake anarudi kazini lini?"

"Jumatatu, gari moja na wako."

Lavender akasimama. "Mama, nipe ile leso nyekundu. Nawe vua hiyo sketi inayokubana, tufanane."

Shangazi zake walipiga vigelegele, wakakimbilia leso zao.

Bi Bahiya alivuka mto huku akifumua bandi ndani ya mtumbwi, kisha akapanda pikipiki, gauni kifuani. Alimkuta Abdia amelia hata wanja umemshuka mashavuni. Gauni lilimkaa kama lililokatwa kwa kipimo chake. Ghafla bibi arusi akakunja uso, akaingiza kidole palipokuwa na lile kunjo la ubavuni, akatoa punje ya wali.

"Bi Bahiya! Gauni hili limetoka wapi?"

"Karamuni, mwanangu. Mwenzako amekuwekea fungu lako."

Abdia akaitia punje kinywani, akaitafuna kwa makini. "Ina iliki," akasema, akatoka nje akicheka.